Bwana Yangu Iko Ng'ambo

Siku yangu ya kwanza gazetini, Tororo, mhariri hakunisalimia. Alinirushia majarida mawili ya Kimarekani. "Wasome hawa kwanza, ndipo uniletee habari."

Ilikuwa miaka ya sitini, uhuru bado mbichi. Majarida yale yalikuwa na waandishi wawili wa mambo ya kweli, kila mmoja na mtindo wake. Wa kwanza alikuwa mkavu: sentensi fupi, maelezo hakuna. Wa pili alikwenda mwenyewe, akakaa na watu, akaandika mpaka viraka vya suruali zao. Mimi nilimpenda yule mkavu. Alinipunguzia kazi, nisiwadanganye.

Nikatumwa Busia, mpakani na Kenya, kuandika habari za soko, ambako wajane walitengewa meza za mbele. Mama Nekesa, muuza samaki wakavu, akaniambia, "Bwana yangu iko ng'ambo." Sikuuliza zaidi. Nikapiga taipureta: "Mume wake yuko ng'ambo." Mhariri akachekelea, "Safi! Mmarekani mtupu!"

Lo! Gazeti lilipotoka tu, msimamizi wa soko akamnyang'anya Mama Nekesa meza. Msimamizi huyo alikuwa mgeni pale. Kwake ng'ambo ni Ulaya. "Una mume Ulaya, halafu unajiita mjane?" Sisi wa mpakani tukisema ng'ambo, ni hapo tu upande wa Kenya.

Nilimkuta Mama Nekesa ameketi chini na kapu lake. "Kijana, umeniua. Watoto wangu watakula gazeti yako?"

Masikio yaliniwaka kwa aibu. "Nipeleke huko ng'ambo, mama."

Tukavuka kwa miguu. Nyuma ya nyumba ya shemeji yake, kando ya mihogo, akanionyesha kaburi la mumewe.

Safari hii niliandika kama yule wa pili: njia yote, mihogo, msalaba wa mbao, jina lililochorwa kwa msumari. Mhariri akachomoa kalamu nyekundu. "Masahihisho ni mistari miwili!" Ndivyo tunavyoita gazeti linapokiri kosa lake.

"Ukikata hata neno moja, bwana mhariri, naacha kazi leo."

Sikuondoka pale mezani kwake. Akasoma mpaka mwisho, akaiweka kalamu.

Habari ikachapwa nzima, na Mama Nekesa akarudishiwa meza yake. Leo nimestaafu, na vijana mnaniuliza mtindo upi ni bora. Fupisheni mpendavyo, lakini nendeni kwanza mkaone.

Mama Nekesa hakujua kusoma, basi gazeti lile lilipotoka nilimsomea mwenyewe pale sokoni. Akasikiliza mpaka kwenye msalaba, akajifuta macho kwa kanga.

"Siku ile ulimfufua, kijana," akasema. "Leo umemzika vizuri."