Chumba cha Makoti

Kipaza sauti cha msikiti kilitaja jina lake asubuhi, nikiwa napiga mswaki uani, na alasiri tukamzika. Alikuwa jirani yangu hapa Chamazi, mama aliyewavalisha nusu ya bodaboda wa huku makoti ya mitumba. Mnaonisoma kila wiki mnajua sipendi kumpamba marehemu, kwa hiyo niseme mapema: alikuwa mbishi, mkali, na bei hakupunguza hata umwamkie mara mbili. Hata hivyo nimemlilia.

Makoti yake yalitoka kwa kampuni moja ya Ulaya inayowashonea wapanda milima. Kwa joto letu ni kichekesho, lakini anayeendesha pikipiki alfajiri, upepo kifuani, anajua thamani yake. Tabu ni kwamba kila belo, yaani robota la mitumba, lilikuja na makoti yaliyokwisha kubanduka ndani, ule utando wa kuzuia maji ukitoka magamba na kunata shingoni. Hayo hayanunuliki. Shati bovu la pamba utadekia nyumba. Koti hili halinyonyi maji, na ukilichoma linatoa moshi wa kukaba koo. Alijaribu mara moja, mtaa mzima ukamjia juu. Wauzaji wenzake waliyatupa mferejini, yeye akakataa, maana mfereji ukiziba maji huanza kuingia kwake. Basi akawa anayashindilia kwenye viroba, na viroba anavipanga chumbani kwa binti yake. Binti alipoachika akarudi na kichanga, chumba kilikuwa kimejaa hadi darini. Binti na mwanawe wakalala sebuleni, chini.

Siku moja akaja kijana, mtaalamu aliyetumwa na kampuni ile kupima kama nguo zake zinaharibu mazingira zikishafika kwetu. Kijana mpole, mwenye adabu. Nilikuwepo.

"Shikamoo mama. Haya makoti yanadumu?"

"Marahaba mwanangu. Yanadumu! Mie ntakufa yenyewe yapo."

"Na yakiharibika mnayapeleka wapi?"

Nikamwona jirani anaufunga mlango wa kile chumba kwa kisigino, huku anatabasamu. "Hayaharibikagi haya. Waambie watuletee mengine."

Kijana akaniachia namba yake ya simu, akaondoka ameridhika. Nikamuuliza jirani kwa nini hakumwonyesha chumba. Akanitazama kama mtu asiye na akili timamu. "Wakaandike makoti yao yanachafua huku, mabelo yasije tena, sie tule nini? Hicho chumba ndo kinachoniliza, na hayohayo makoti ndo yanayonilisha. Unataka nifanyeje, jirani?"

Tangu siku ile nikisoma kampuni inajisifu kwamba nguo yake haichakai, roho inaniuma. Si uongo. Haichakai kweli, na hilo ndilo lililombana yule mama nyumbani kwake mwenyewe. Nina hasira, tena hasira isiyo na pa kwenda, kwani na mimi kila masika nalivaa koti nililonunua kwake.

Tuliporudi kutoka makaburini mvua ilikuwa imeanza, wageni wamebanana sebuleni. Ndugu wa marehemu wakashauriana viroba vitupwe mferejini, watu wapate pa kukaa. Binti akasimama mlangoni, mtoto mgongoni. "Mama hakutupa, na mie situpi." Kisha akanigeukia. "Baba, wewe si unaandikaga magazetini? Niambie basi, nivipeleke wapi?"

Nikatoa simu, nikamwambia nampigia yule kijana wa kampuni nimweleze ukweli wote, waje wachukue mzigo wao. Akanishika mkono kwa nguvu.

"Usimpigie, baba. Belo jipya linaingia Jumatatu, na biashara sasa ni yangu."

Nimetoka msibani na somo moja. Anayelishwa na kitu msimuulize madhara yake, maana mtamlazimisha kudanganya. Kaeni na aliyekitengeneza, mumbane yeye. Lakini hayo nayasema hapa, kwenye karatasi. Pale mlangoni, binti akiwa bado amenishika mkono, niliirudisha simu mfukoni.