Pete Zilizogoma Kufunga

Judith hakuwa mtu wa kupendwa kirahisi, na yeye mwenyewe hakujisumbua kutafuta kupendwa. Aliletwa Bashay kutoka Basotu akiwa bibi harusi wa Patriki Margwe, na siku ileile ya kwanza wifi yake Restituta alimkagua kuanzia kitambaa cha kichwani mpaka viatu, akauliza kwa sauti ya kusikika kama Mang'ati nao siku hizi wanajua kupika mboga. Neno hilo Wadatoga wa kule Hanang, watu wa kabila la Judith, hawalipendi, maana asili yake ni adui, na Restituta alilijua hilo vizuri kabisa. Wageni wakacheka. Judith ana watoto wanne sasa, mkubwa yuko kidato cha tatu, na kicheko kile bado anakikumbuka meno kwa meno.

Kitu kimoja alikuja nacho ambacho hakuna mtu Bashay aliyekuwa nacho. Alijua kusuka lesi kwa mkono, ile ya mafundo, isiyotumia sindano wala mashine. Alifundishwa na Sista Natalia kwenye darasa la ushonaji la masista, alipokuwa msichana asiye na mbele wala nyuma. Sista huyo ndiye mtu wa kwanza kumwambia kwamba vidole vyake vina akili. Alikufa kabla Judith hajaolewa, na mpaka leo Judith akimtaja sauti hushuka kidogo.

Kazi yenyewe ni ya kuudhi, tusidanganyane. Uzi unaviringwa kwenye kipande cha plastiki chembamba, kimechongoka huku na huku, ambacho Judith hukiita kisamaki. Uzi mwingine unazungushwa kwenye vidole vya mkono wa kushoto. Kisamaki kinapita chini, kinapita juu, fundo moja limepatikana. Yakitosha mafundo unavuta, yanajikunja, ni pete ndogo kama ukucha wa mtoto. Halafu unaanza nyingine. Kipande cha urefu wa kiganja kinaweza kula jioni nzima, na ukikosea huwezi kufumua, kwa sababu fundo lililokazwa vibaya halisikilizi mtu. Dawa yake ni mkasi.

Wolfgang, mdogo wa mwisho wa Patriki, alipokaribia kupewa upadri, alimpigia Judith simu kutoka seminari akaomba kitu kimoja tu. Siku ya misa yake ya kwanza hapo nyumbani, alitaka pindo la alba yake, ile kanzu nyeupe ya padri, liwe la lesi ya shemeji yake. Judith ndiye aliyemfulia sare tangu darasa la tano. Aliweka simu chini akaenda nyuma ya banda kulia, kwa sababu mbele ya watu wa nyumba ile halii. Alichokitaka alikijua sawasawa. Alitaka Bashay yote iione kazi yake imezunguka miguu ya padri wao, halafu Restituta atafute tena la kusema.

Basi akaanza, na kila kitu kikaanza kumpinga. Uzi wa pamba haukupatikana, dukani kuna nailoni tu, na nailoni inateleza kama kambare. Alipopata pamba, nusu ya mabunda ilikuwa na nywelenywele, inakatika ukiitazama vibaya. Ukaja mwezi wa saba na baridi yake ya Mbulu. Vidole vilivyotoka kuvuna mahindi vikapasuka, kila ufa ukadaka uzi. Angepaka samli ingelainisha, lakini samli ingetia doa. Hakupaka. Mara mbili alikuta tone la damu kwenye uzi mweupe, akakata kipande kizima, akatukana Kidatoga ili watoto wasielewe.

Restituta naye hakukaa kimya. Yeye ni mwenyekiti wa akina mama wa kigango, mjane aliyerudi kujenga kwenye kiwanja cha baba yake, mwenye sauti ya kupangia watu kazi. Alimtumia Judith kwenye WhatsApp picha za lesi ya mashine ya Arusha, pana, inayong'aa, bila salamu. Kisha akaanza kuuliza watu, kwa upole wake ule wenye sumu, inakuwaje padri anatoka tumbo moja na yeye, halafu kumvalisha ni kazi ya mtu wa kuja. Akufukuzaye hakwambii toka. Maneno yakamfikia Wolfgang, na Wolfgang, ambaye moyo wake ni mzuri na macho yake hayaoni kitu, akapiga simu akiwa amewaweka wote wawili hewani.

"Shemeji, mfundishe dada. Shirikianeni. Mimi nitavaa za wote."

Judith angesemaje? Alikubali. Restituta akaja na kigoda chake, akakaa uani, na Judith akamfundisha. Alimfundisha kuviringa uzi kwenye kisamaki, kuushika kwa vidole vya kushoto, kupitisha chini, kupitisha juu. Alimfundisha kwa subira ambayo Patriki aliishangaa, akasema moyoni labda baridi imemlainisha mke wake. Lakini kuna jambo moja hakumwambia.

Katika lesi hii siri iko kwenye pumzi moja. Ukishapitisha kisamaki, unalegeza vidole vya kushoto na kukaza uzi wa kulia, na fundo linaruka. Linatoka kwenye uzi wa kulia linahamia wa kushoto. Likiruka, mafundo yote yanateleza na pete inafunga. Lisiporuka, linakaza palepale, na pete hiyo haitafunga mpaka Yesu arudi. Sista Natalia alikuwa haruhusu mwanafunzi kugusa uzi mweupe kabla fundo lake halijaruka mara mia. Judith mwenyewe alilifanya haraka, mkono wa kushoto umegeukia tumboni, na Restituta hakuona kitu.

Zikaja pete zilizogoma. Restituta anavuta, pete imesimama wazi kama mdomo wa mtu aliyeshangaa. Akauliza afanyeje. Judith akamwambia avute kwa nguvu zaidi. Uzi ukakatika. Akaanza upya, akavuta, ukakatika. Judith akamwambia labda vidole vyake vimezoea jembe, kazi hii haitaki haraka, na ndani yake alisikia raha tamu kabisa, raha ya miaka yote ile. Mchana mmoja aliichukua kazi ya wifi yake mbele ya majirani, akaitazama, akaikata kwa mkasi vipande vitatu. Restituta alibeba kigoda chake akaondoka. Hakurudi tena kujifunza.

Pindo la Judith lilikamilika siku chache kabla ya misa. Nililiona lilivyokuwa, na sitasema uongo kwa sababu tu mwenyewe ana roho ya pilipili. Lilikuwa zuri. Pete zilikaa safu kwa safu, zimeshikana bega kwa bega, hakuna moja iliyoachama. Kilichobaki kilikuwa kulikaza kwa wanga. Judith alipika uji mwepesi wa mahindi, akauchuja, akatia chumvi kidogo kama anavyofanya siku zote ili wadudu wasiuguse, akalichovya pindo na kulitandaza juu ya ubao. Uani kulikuwa na kuku na vumbi la mavuno. Akauweka ubao kwenye chumba cha ndama, kilichopakana na jiko, kwa sababu mchana kinakuwa kitupu na joto la moto linafika. Akaenda mtoni kufua.

Ukungu ukashuka mapema siku hiyo, wenye manyunyu. Patriki akamhurumia ndama wa wiki moja pamoja na mama yake, akawaingiza wote wawili ndani saa tisa badala ya jioni, akafunga mlango, akaenda zake. Ng'ombe na chumvi mnawajua. Judith aliporudi, ubao ulikuwa umeanguka, na mama wa ndama alikuwa anatafuna taratibu, kipande cheupe kinaning'inia pembeni ya mdomo. Alikivuta. Kikatoka kirefu kidogo, cha kijani, kimesagika, na pete zote zimekuwa utumbo.

Hakuuliza mtu. Alivuka uwanja akiwa na kile kitu mkononi, akasimama mlangoni kwa Restituta, na yaliyotoka kinywani mwake yalisikika mpaka barabarani kwenye bodaboda. Alimwita mwizi, akamwita mchawi, akamwambia amemfungulia ng'ombe kwa makusudi. Restituta alimsikiliza mpaka akaisha pumzi. Patriki akaja anakimbia, akasema ni yeye, ni yeye aliyewaingiza, kulikuwa na manyunyu. Judith kuomba radhi hakuomba. Alikuwa na mdomo mzito kwa jambo hilo, na siku ile ulizidi.

Ndipo Restituta akaingia ndani, akatoka na mfuko wa plastiki. Ndani kulikuwa na lesi, mita na mita. Kumbe tangu siku ya mkasi alikuwa akisuka peke yake kila jioni, kwa yale aliyofundishwa na bila yale aliyofichwa. Pete zilizogoma kufunga alikuwa amezivuta kwa sindano na uzi wa kushonea, moja moja, akazibana kwa vifundo vya nje. Lilikuwa pindo la kusikitisha, lenye uvimbe hapa na pale kama mtu aliyeumwa na nyuki. Lakini lilitosha kuzunguka alba.

"Yako imeliwa," alisema. "Atavaa hii."

Siku zilizobaki zisingetosha kusuka lingine, hata kwa mikono ya Judith. Angeweza kusema ukweli hapohapo, kwamba pete hazifungi kwa sababu yake, na kwamba akipewa usiku mmoja anaweza kuzikata na kuzisuka upya walau chache za mbele. Hakusema. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole.

Misa ilijaa mpaka nje. Wolfgang alipanda altareni amevaa alba ile, na kwa mbali, kwa kweli, haikuwa mbaya. Kwenye shukrani alishika kipaza sauti akawataja wazazi waliotangulia, akataja walimu, akafika kwenye mavazi yake. Alisema pindo hili limesukwa na dada yake Restituta, na aliyemfundisha ni shemeji yake Judith, na yeye anaona humo mikono miwili ya nyumba moja. Vigelegele vikapigwa. Judith aliambiwa asimame. Alisimama, akapigiwa makofi na kigango kizima, akatamani sakafu ya saruji ipasuke.

Baadaye uani, watu walipokuwa wanapanga foleni kubusu viganja vya padri mpya, Sista Hilda aliinama. Ni sista mzee wa kule Hanang, aliyekuja na wageni, aliyekaa nyumba moja na Sista Natalia miaka mingi. Alivaa miwani, akashika pindo la alba kati ya vidole viwili, akaligeuza upande wa ndani na kuliangalia kwa muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu. Wolfgang akasimama tu anatabasamu. Restituta akasogea na kusema shikamoo, akaeleza kwamba kazi ni yake. Kisha akamshika Judith mkono akamvuta mbele, jambo ambalo hajawahi kulifanya tangu ndoa ile ifungwe. Hakukuwa na kejeli usoni mwake. Alikuwa na fahari.

"Mwalimu wangu ni huyu," alisema. "Ni wifi yangu."

"Shikamoo, Sista," Judith alisema.

"Marahaba, mwanangu. Na wewe nani alikufundisha?"

Jina lilimjia mpaka kwenye ulimi. Alilitazama pindo, uvimbe baada ya uvimbe, kila fundo ambalo halikuruka, na akaona ni wapi jina lile lingekwenda kukaa. Ilikuwa atamke jina la marehemu, au aseme alichofanya mbele ya Restituta, au atafute njia ya tatu.

"Nilijifunza mwenyewe, Sista. Kwenye simu."

Sista Hilda aliachia pindo, akavua miwani yake.

"Inaonekana," alisema, akajiunga na foleni.

Restituta alikuwa bado amemshika mkono.