Kidole cha Baba na Oili ya Giaboksi

Kila asubuhi, kabla sijamaliza chai, nilikuwa nasikia boneti ya gari langu ikifunguliwa. Ni baba huyo, na koti lake zito na kofia ya sufu. Baridi ya Njombe inayowafungia wengine ndani yeye haimhusu. Anachomoa dipstiki ya injini, kile kijiti cha kupimia oili, anaifuta, anaichovya tena, halafu anaipitishia kidole gumba polepole. Akimaliza hiyo anahamia dipstiki ya giaboksi. Aliendesha malori ya mbao mpaka akastaafu, na kwa madereva wa malori ya zamani kanuni ilikuwa moja: oili inapimwa alfajiri, injini imelala, oili yote imeshuka chini.

Gari lenyewe hakulipenda. Ni gari dogo la otomatiki, nililinunua likiwa limetumika, na kwake gari lisilo na klachi ni kiti cha ofisini chenye magurudumu. Lakini alilikagua kila siku, nami nikamwachia. Nilijiambia kwamba mtu aliyestaafu anahitaji shughuli. Kusema kweli, nilifurahi kukwepa baridi.

Kitu ambacho hatukukisema pale nyumbani, mtaa wa Ramadhani, ni kwamba baba alikuwa haoni vizuri. Ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, na huo ulikuwa mwaka wa tatu. Alimimina chai nje ya kikombe akasema kikombe kimehamishwa. Kanisani alifungua kitabu cha nyimbo ukurasa wowote na kuimba kwa kichwa. Mara tatu nilimpangia kwenda kwa madaktari wa macho, na mara tatu akanipiga chenga: mara kifua, mara mvua, mara viazi havijavunwa. Safari hii madaktari walikuwa wanakuja Makambako, Jumatatu na Jumanne tu, naye akakubali kwa sharti moja, kwamba tuende kwa gari letu. Basi hapandi, maana kwenye basi watu wangemshika mkono kama mtu asiyejiweza.

Jumamosi tukiwa tunatoka sokoni, kwenye kilima cha kuingilia mtaani kwetu, nilikanyaga mafuta, injini ikapiga kelele, gari likabaki pale pale kana kwamba halijaambiwa kitu. Likasogea, likaachia, likasogea tena. Tulifika nyumbani kwa kubembeleza.

"Giaboksi imekufa hiyo," baba alisema kutoka kiti cha pembeni. "Basi, Makambako mpaka wakati mwingine."

Sauti yake ilikuwa nyepesi, ya mtu aliyetuliwa mzigo. Mimi nina hasira za karibu. Nilishuka, nikaubamiza mlango, nikaenda kusimama nyuma ya nyumba na kumpigia fundi wangu wa Makambako, yule aliyenikagulia gari siku nilipolinunua.

"Oili ya giaboksi umeipima?" akaniuliza.

"Baba anaipima kila siku."

"Injini ikiwa inawaka?"

"Imezimwa. Asubuhi, ikiwa ya baridi."

Alicheka, kisha akaniomba radhi kwa kucheka. "Sikiliza, dada. Hilo siyo lori. Kwenye otomatiki, ukizima injini oili inarudi chini, kwa hiyo kwenye dipstiki inaonekana nyingi kuliko ilivyo. Lizungushe kwenye tambarare kama dakika ishirini, taratibu, lipate joto. Simama pasawa, vuta hendibreki, injini iache inawaka. Kanyaga breki, pitisha gia zote moja moja, urudishe kwenye P. Hapo ndipo upime. Soma alama za moto, achana na za baridi. Na uinuse. Ikinuka kuungua, nipigie."

Nilifanya hivyo hivyo, peke yangu. Niliporudi uani na kuchomoa dipstiki, oili ilikuwa imegusa ncha tu, chini kabisa ya alama. Lakini ilikuwa nyekundu safi na haikunuka kuungua. Nikashusha pumzi. Giaboksi ilikuwa hai, ilikuwa na njaa tu.

Sasa oili ilikwenda wapi? Niliinama chini ya gari, pakavu. Nikaingia stoo kutafuta chupa ya kukata kitako iwe ya kumiminia, na nyuma ya gunia la mbegu za viazi nikakuta chupa ya maji ya lita moja, karibu ijae oili nyekundu. Pembeni yake palikuwa na bomba kubwa la sindano la kunyweshea ng'ombe dawa, limechomekwa kipande cha mpira mwembamba.

Nilitoka nayo nikiwa nimeshaandaa maneno, na yalikuwa makali. Kichwani nilikuwa nimeshamhukumu baba kwamba ameliharibu gari makusudi ili asiende. Nikamwekea chupa mkononi. Akaipima uzito, akajua.

"Hii nini, baba?"

"Ilikuwa imezidi," alisema. "Kila siku naikuta imezidi. Oili ikizidi inapasua sili, ianze kuvuja. Nikawa napunguza kidogo kidogo, nisikusumbue."

"Na zile alama? Za moto na za baridi, hukuziona?"

Alisugua kidole gumba kwenye koti.

"Sioni alama, mama," akasema. "Napima kwa kidole. Siku nyingi sasa sioni."

Miaka mitatu nilikuwa nalingoja neno hilo. Nilidhani siku nikilisikia nitajiona mshindi. Badala yake niliona aibu, na huruma. Yale maneno makali sikuyakumbuka tena hata moja.

Nilikwenda duka la vipuri nikanunua oili mpya, ya aina iliyoandikwa kwenye dipstiki yenyewe. Ile ya stoo hatukuirudisha, maana bomba lilikuwa limepitisha dawa ya minyoo. Nililizungusha gari tena likapata joto, nikasimama pale pale uani. Kisha nikamshika baba mkono, nikakiweka kidole chake kwenye mikato ya dipstiki iliyofutwa. Hii ya baridi, hii ya moto, tunataka katikati ya hizi mbili za juu. Akazipapasa mara mbili tatu. Yeye akashika chupa iliyokatwa, mimi nikamimina kidogo. Tukapitisha gia, tukapima. Tukaongeza, tukapima tena. Hatukuwa na haraka, kwa sababu kuzidisha nako ni kuharibu, na hapo alikuwa sahihi. Mara ya nne, nilipoingiza D, aliinua uso kabla sijasema neno.

"Imeshika," alisema. "Sikiliza. Imeshika vizuri."

Nilipopima, oili ilikuwa katikati.

"Kwa hiyo Jumatatu," nikamwambia.

"Jumatatu. Lakini uendeshe taratibu, hicho kiti chako hakina klachi."

Tuliondoka na ukungu. Kila kilima aliinamisha sikio, na kila kilima gari lilipanda bila kulalamika. Madaktari walimfanyia upasuaji wa jicho la kulia siku hiyo hiyo, tukalala kwa ndugu, na Jumanne wakamfungua bandeji. Njia nzima ya kurudi alikuwa anasoma vibao vya barabarani kwa sauti: mbao, miche ya parachichi, kanisa, mwendo hamsini.

Tulipofika nyumbani aliniambia nisizime. Nikamkumbusha kwamba daktari amemkataza kuinama.

"Siinami. Niletee."

Nilipitisha gia zote, nikarudisha kwenye P, nikachomoa dipstiki, nikaifuta, nikaichovya, nikamletea. Kwa mazoea aliipitishia kidole gumba. Halafu akaisogeza karibu na uso, akaisoma kwa muda mrefu.

"Ipo katikati ya moto," alisema. Kisha akaniangalia mimi. "Una mvi, mama."

"Ninazo, baba."

"Toka lini?"

"Toka mwaka juzi."

Alinyoosha mkono anishike kichwa, akaona kidole gumba kina oili, akakifuta kwanza kwenye koti.