Mita ya Seifu

Mume wangu Seifu ana studio ya picha mtaani Kwa Mathias, na wivu wangu wote uko kwenye mita yake. Ni kipima mwanga cha zamani kinachoenea kiganjani, hakitumii betri, kina sindano na kikofia cheupe cha kupokea mwanga. Aliachiwa na fundi aliyemfunza kazi. Kamera amebadilisha mara tatu, mita ni ileile.

Ubaya wake, lazima aisogeze hadi usoni kwa mtu. Bi harusi huinua uso, mita inakaa chini ya kidevu, Seifu anainama kusoma sindano inaonyesha namba gani ya kupangia kamera, huku akimwambia taratibu atulie hivyohivyo. Mimi, miaka tisa ya ndoa, hajanipima hata siku moja. Nilimwambia inaniuma. Alicheka, akasema hiyo ni kazi.

Basi akaitwa huko kijijini Kibuta kupiga picha za harusi ya Zawadi. Zawadi huyo ndiye aliyemposa kabla yangu, wazazi wakakataa. Asubuhi ya harusi nikaitia mita kwenye pochi yangu, chini ya leso, kisha nikamsaidia kuitafuta. Tulipekua mpaka chini ya godoro, tukaenda harusini pamoja bila mita. Nilijua bila mita hatakuwa na sababu ya kumsogelea yule mwanamke.

Kumbe kazi ya mume wangu sikuijua. Baada ya nikahi Zawadi alitolewa uani, na Seifu akapima kwa kiganja. Aliuweka mkono wazi kando ya shavu la Zawadi, akaugeuza polepole kuona mwanga unavyoangukia, akausogeza tena, mpaka vidole vikagusa mtandio. Na sababu nilimpa mimi mwenyewe.

Nikafungua pochi mbele ya watu wote.

"Hii hapa," nilisema. "Niliificha mimi."

Seifu alinyoosha mkono aipokee, lakini Zawadi alikuwa ananitazama mimi.

"Pima wewe, dada," akasema.

Niliiweka chini ya kidevu chake. Kwa karibu vile alikuwa mzuri kuliko nilivyoogopa. Nilitamani kutaja namba ya uongo picha iharibike. Nikataja ya kweli, Seifu akapiga.

Tangu siku hiyo kila harusi napima mimi. Watu wanamsifu Seifu kwa kupata mke anayeipenda kazi yake, naye huwaitikia tu.