Harufu ya Mpira Unaoungua

Wateja walimwita Ulimi, na jina hilo alilipenda kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Alikuwa fundi wa soseji za nguruwe, mwenye duka la vigae vyeupe na mashine ya kusagia iliyonguruma tangu asubuhi. Kupima chumvi hakutaka hata kusikia. Alichota nyama mbichi kwa ncha ya kidole, akaiweka ulimini, akafumba macho, kisha akasema, "Bado kidogo." Miaka ishirini na sita alionja hivyo, na ukimshauri akaange kipande kwanza, alikucheka mpaka ukaona aibu wewe.

Jioni alifunga duka, akajifuta mikono kwenye aproni, akaenda nyumbani kummenyea binti yake chungwa. Kitinda alikuwa na miaka tisa, angeweza kabisa kumenya mwenyewe, lakini ndivyo walivyozoeana: baba anamenya, anamtia kipande kimoja kimoja mdomoni, na mtoto anajifanya kumng'ata kidole. Mama mtu alinung'unika kwamba anamdekeza, na kweli alimdekeza.

Kisha harufu ikaanza.

"Nani anachoma mpira?" aliuliza siku moja dukani. Hakuna aliyekuwa anachoma kitu. Harufu ilikaa kama dakika moja, ikapotea, ikarudi siku nyingine, na kila ilipoondoka ilimwacha akiwa mtu mwingine. Mcheshi yule akaanza kuwatukana wateja wa miaka nenda rudi. Akamtuhumu mkewe kwamba anamtilia kitu kwenye chai. Akalia mbele ya friji bila kujua analia nini. Majirani wakasema amerukwa na akili. Wengine, kwa kunong'ona, wakasema ni mkono wa mtu. Mwenyewe aliogopa kuliko wote, maana siku moja harufu ilipoisha alijikuta sebuleni ameshika kisu cha kazini, na mkewe amejibanza ukutani, Kitinda nyuma ya mgongo wa mama yake.

"Mbona mnanitazama hivyo?" akauliza.

"Weka kisu chini, baba Kitinda," mkewe akasema taratibu. "Weka tu chini."

Kesho yake alianguka kifafa dukani, ndipo akapelekwa kupigwa picha ya kichwa. Daktari, mama mmoja asiye na haraka, aliwaonyesha madoa saba kwenye ubongo. Si uchawi, alisema. Nyama mbichi ilikuwa imempa tegu, mnyoo mrefu wa tumboni. Mayai ya tegu hutoka na choo, na mkono usiooshwa kwa sabuni huyarudisha mdomoni. Yakishamezwa huanguliwa, vijidudu vyake huingia kwenye damu, na vingine hufika kichwani vikajijengea vifuko. Harufu, hasira, shuku, vyote vilitoka humo.

Ulimi alifarijika hata akacheka, kumbe hakuwa kichaa. Kisha akaitazama mikono yake.

"Mdomoni mwa nani, daktari?"

"Mwa yeyote anayelishwa na mkono huo."

Mkewe na Kitinda walipimwa choo, wakaonekana safi. Daktari akawatahadharisha kwamba kipimo hicho huona mnyoo wa tumboni tu. Vifuko vya kichwani vinaweza kunyamaza miaka. Wakiona chochote, warudi siku hiyohiyo.

Dawa zilimsaidia. Harufu ikakoma, utani ukarudi, na kikaango kikapata nafasi karibu na mashine, wateja wakimcheka hadi akacheka nao. Nyumbani alinawa mikono mpaka ngozi ikapasuka. Kitinda hakuambiwa habari za harufu, asije akaogopa. Alichojua ni kwamba baba hamlishi tena chungwa, na alinuna miezi mitano mizima.

Alasiri moja alisukuma daftari lake la hesabu pembeni, akamwekea baba yake chungwa mbele. "Leo tu," akasema.

Ulimi alinawa kwa sabuni hadi viwikoni, akarudia tena. Akamenya polepole, akatenga kipande, akakipeleka. Mtoto akafungua mdomo, kisha akageuza uso kuelekea dirishani.

"Baba, nani anachoma mpira?"

Ulimi alinusa. Alinusa tena kwa nguvu zake zote, akimwomba Mungu amjalie aisikie na yeye. Alisikia harufu ya chungwa tu.