Kwaya Katika Shamba la Mama

Bendi yetu haikufa kwa njaa wala kwa ugomvi wa wanawake, kama wanavyosema watu wa Kasulu ambao hawakuwahi hata kutusikiliza. Iliuzwa. Mpaka leo nikisikia kinanda cha kwaya damu inanichemka.

Tulikuwa watatu. Mimi nilikuwa chuo cha ualimu, nami ndiye mwimbaji, kama kupiga kelele ni kuimba. Mpiga gita alikuwa Mkongomani wa kambi ya Nyarugusu, aliyekuja mjini kuuza sabuni kila alipopata kibali cha kutoka. Mpiga ngoma alikuwa mtoto wa mwenye duka la vitenge. Mazoezi tulifanyia stoo kwa baba yake, mzee mwenye asili ya Tanga, ambaye siku moja alituchungulia akauliza, "Wanangu, huu ni muziki au mnagombana?"

Muziki wenyewe tuliupata mwaka 2012 kwenye flashi ambayo mpiga gita alipewa na Mzungu mmoja wa misaada. Ilikuwa roki ya vijana wanaoanza taratibu, kwa adabu kabisa, halafu wanapiga yowe mpaka unadhani nyumba inaungua. Wenzangu walipenda magita. Mimi nilipenda yowe, maana nilikuwa nalo kooni tangu baba afariki.

Kabla hata hatujaanua matanga, kaka yake baba, yaani baba yangu mkubwa, alimwambia mama mbele ya watu, "Mwanamke hana shamba. Ulikuwa na mume, na mume ameondoka." Shamba la Kagerankanda, alilolifyeka mama kwa mikono yake miwili, likawa la shemeji yake. Mama akarudishwa kwao Mabamba na godoro na sufuria, akaonywa asikanyage tena kule. Wazee wa ukoo walikunywa pombe yao ya ndizi wakatikisa vichwa. Hakuna aliyefungua mdomo. Nami nilikuwa mtu mzima, nilikuwepo, na sikufungua.

Basi nikaufungua kwenye wimbo. Beti nilizisema kwa upole, habari za mama na panga lake na visiki. Kiitikio kilikuwa swali moja tu, nililolipiga yowe: nani alilifyeka? Mpiga gita aliutungia mahadhi matamu ya kuhuzunisha, matamu mno, na utamu huo ndio uliotuponza.

Mwaka uliofuata tulipanda jukwaani Kibondo, kwenye tamasha la vijana. Nilipopiga yowe la pili, mshereheshaji akazima spika na kutangaza, "Mwenye mgonjwa wake aje amchukue!" Ukumbi mzima ukacheka. Wajinga wale! Lakini muuza dagaa mmoja, mama mtu mzima, alinifuata nje akanishika mkono. "Na mimi walininyang'anya," akasema. "Imba tu, baba." Kwa ajili yake tuliendelea mwaka mzima, kwenye kumbi za shule na baa zisizo na wateja. Tulirekodi hata CD kule Kigoma, zikakaa dukani chini ya vitenge zikishika vumbi.

Mwaka 2014 kwaya moja ya mjini ikatoa DVD. Niliisikia nikipita sokoni: mahadhi yetu yale yale, yametiwa kinanda, na maneno ya kumshukuru Mungu kwa mavuno mema. Nikachukua ganda la DVD nikasoma. Mfadhili, kwa herufi kubwa, alikuwa baba mkubwa.

Mpiga gita nilimkuta kwenye meza yake ya sabuni. Hakukana kwamba ndiye aliyewapa wimbo.

"Ndugu yangu, bantu ba kwaya beko banaandika barua, ndiyo napata kibali ya kutoka kambi," alisema. "Weye uko na inchi. Miye niko na gitare tu."

"Umeniuza kwa mwizi wangu!"

Nikaipiga meza teke. Sabuni zikatawanyika matopeni, na sikumsaidia kuziokota. Alijua wimbo ni wa mama. Kama alijua mfadhili ni nani, sikumpa nafasi ya kusema. Bendi iliishia pale.

Mwaka 2015 nilinunua ile DVD nikaipeleka Mabamba. Nilitaka mama aone walivyotufanya. Nilitaka, kusema kweli, akasirike, maana hasira ile nilikuwa nimeibeba peke yangu miaka yote. Tukaenda kwa jirani mwenye televisheni ya sola. Kwaya ikatokea na sare zake zinazong'aa, ikicheza katikati ya mihogo, na nikalijua shamba hata kabla kamera haijageuka. Nikaanza kufoka: mwizi, na haya hana, amewapeleka wakacheze mle mle!

"Nyamaza, mwana wanje," mama akaniambia, yaani mwanangu kwa Kiha.

Mama alisogeza kigoda mpaka karibu aguse kioo. Akamwonyesha kwa kidole mwimbaji mmoja mwenye miwani.

"Huyo amesimama juu ya baba yako."

Nikatazama. Kweli, ni pale pale penye migomba miwili tulipomzika, na tuta lilikuwa limekanyagwa likawa sawa na ardhi. Nikanyanyua rimoti nizime. Mama akanishika mkono.

"Usizime. Rudisha nyuma, nione kama wanapalilia."

Nikarudisha. Nikarudisha tena, na tena, na wimbo wangu ukashukuru mavuno mchana kutwa katika nyumba ya jirani, huku mama akilitazama kaburi alilokatazwa kulikaribia.