Bibi Aukataa Wasifu Wake

Usiku ule nililala nimenuna. Jioni, kwenye darasa letu la kuandika kumbukumbu, mwalimu alikuwa amesoma kurasa zangu kuhusu marehemu bibi yangu, Tabitha, akaniambia mbele ya wenzangu, "Dada, huu ni wasifu wa kusomwa msibani. Bibi mwenyewe yuko wapi?" Iliniuma sana, maana nilianza kuandika kwa sababu moja tu: sauti yake ilikuwa inanitoka kichwani. Nikaapa sirudi tena pale.

Usingizi uliponichukua nikajikuta msibani, chini ya turubai. Nimeshika kipaza sauti, nasoma kurasa zangu zilezile. "Marehemu alikuwa mpole, mkarimu, kipenzi cha wote…" Watu wanatikisa vichwa kukubali. Kwenye kiti cha mbele ameketi Bibi, kanga mabegani, anapiga miayo. Akamgeukia aliyekaa naye.

"Kwani nani kafa?"

Nilitaka kucheka, nikaogopa. Naendelea kusoma, na kila nikisema "mpole" Bibi anazidi kufifia, mpaka naona mgongo wa kiti kupitia kifua chake. Nikanyamaza ghafla. Kumpoteza mara ya pili nisingeweza.

Turubai sijui lilikwenda wapi. Tuko jikoni kwake, moshi unaniwasha macho, naye anakuna nazi huku ananisonya kwa kukaa njiani. Nilifurahi jamani! Huyo ndiye Bibi niliyemjua, mwanamke ambaye hata mchungaji alimpigia hodi kwa adabu.

"Bibi, marehemu hasemwi vibaya," nikajitetea.

"Nani kakuomba uniseme vibaya? Niseme nilivyo. Mmeshanizika mara moja, yatosha."

"Mengi siyakumbuki."

Akaacha kukuna. Akanitazama kwa huruma, jambo ambalo enzi za uhai wake hakulifanya ovyo.

"Mama yako si yupo? Muulize nilimfanyia nini baba yako alipokuja kuposa."

"Ulimfanyia nini?"

Akaangua kicheko, kile chake cha kukwaruza, na ni hicho kilichoniamsha.

Kumekucha, majogoo wa jirani wanashindana. Kicheko bado nakisikia, nina furaha na machozi yananitoka. Lakini ndoto si ushahidi. Mwalimu alishatuonya tuandike yaliyotokea. Nikampigia Mama kabla hata ya kunawa uso.

"Shikamoo Mama. Eti Bibi alimfanyia nini Baba siku ya posa?"

"Nani kakwambia habari hizo?"

"Bibi. Kanijia ndotoni."

Mama akaguna. Kisha akacheka, akacheka mpaka akakohoa, kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu tumzike mama yake.

"Kalamu unayo?"

"Ninayo."

"Haya, andika. Siku hiyo baba yako alirudi kwao pekupeku."